Ziwa la Askofu

Msafiri atokaye Nakuru akaishika njia ya kaskazini, akayapita mashamba ya mkonge ya Mogotio na kuuvuka mstari wa ikweta, huiona nchi ikizidi kuinama na joto likizidi kupanda, hata anapofika Loboi na kuingia katika bonde jembamba lililo chini ya kuta za Siracho hukabiliwa na ziwa refu la maji ya magadi yasiyonyweka, ambalo kandoni mwake mvuke hutoka ardhini kana kwamba chini yake kuna jiko lisilozimwa. Mahali paitwapo Loburu maji hutokota na kuruka juu, na wageni kwa miaka mingi wamekuwa na desturi ya kuchukua mayai mabichi, wakayatia mfukoni au kikapuni, wakayatumbukiza katika chemchemi, wakangoja kidogo, kisha wakayamenya na kuyala kwa chumvi huku wakicheka na kupigana picha. Sijapata kusikia kwamba hata mmoja wao alikusudia ubaya. Mla yai hakuja kumtukana mtu. Amekuja kustarehe, na chemchemi machoni pake ni sufuria iliyowekwa na maumbile. Lakini kwa Waendorois, wenyeji wa Ziwa Bogoria, maji hayo ni makazi ya roho za wafu wao wote, popote pale walipozikwa. Na kisa cha namna makazi hayo yalivyopata kuwa sufuria ni kirefu, nacho kimepita mikononi mwa askofu, magavana, wachimbuaji wa mambo ya kale, madiwani na mahakimu, watu ambao aghalabu yao, na hili ndilo la ajabu, walikuwa wenye kumcha Mungu na kuiheshimu sheria.

Waendorois husimulia kwamba babu yao mkuu, Dorios, alishuka kutoka mbinguni akakaa katika msitu wa Mochongoi, na kwamba uzao wake ulineemeka hata ukaingia katika israfu na anasa, Mungu akaghadhibika, na usiku mmoja akaididimiza ardhi pamoja na waliokuwa juu yake, maji yakapafunika mahali pao, na hilo ndilo ziwa. Walio hai leo ni wana wa jamaa chache zilizosalimika. Kila msimu maji yageukapo kuwa mekundu na chemchemi kutoa harufu kali, jamii hukusanyika kufanya matambiko ya kuwatuliza waliozama. Msomaji aliyelelewa chuoni au kanisani hatashindwa kuitambua sura ya kaumu ya Luti katika habari hii, na huenda akakumbuka pia ile Bahari ya Chumvi ambayo watu wa Sham huionyesha kuwa ndiyo kaburi la miji iliyopinduliwa. Tofauti iko mahali pamoja, nayo si ndogo: kaumu ya Luti iliachwa iwe ibra na laana kwa waliokuja nyuma, ilhali Waendorois hawakuwalaani waliozama wala kuwakana, bali huwahesabu kuwa jamaa zao na huwaendea ufukweni kama mtu aendavyo kuzuru kaburi la mzazi aliyekosa na akafa katika kosa lake. Huko ndiko vijana walikotahiriwa, huko ndiko wazee walikoomba, na mifugo ikalamba chumvi katika udongo wa mahali hapo hapo bila ya mtu kuona kwamba ibada na malisho vinagombana.

Mwaka 1885 alipita hapo mtu aliyekuwa na madhabahu yake mwenyewe moyoni. James Hannington, Mwingereza, alikuwa amewekwa wakfu mwezi wa Juni 1884 kuwa askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Afrika ya Ikweta ya Mashariki, akatua Mombasa Januari iliyofuata, na mwezi wa Julai akaondoka Rabai pamoja na wapagazi wapatao mia mbili ili aende Buganda. Alikuwa pamoja naye William Jones, mmoja wa wale Waafrika waliokombolewa utumwani wakalelewa Bombay, ambaye Hannington mwenyewe alikuwa amempa daraja ya ushemasi. Njia aliyoichagua haikuwa ile ya kale ya Bagamoyo na Tabora, iliyokuwa imemtia maradhi hata akalazimika kurudi katika safari yake ya kwanza, bali ile ya Umasai, ambayo Joseph Thomson aliipita mwaka 1883 na kuiandika, ingawa misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilikuwa imekwisha izoea kabla yake bila ya kuandika neno. Ndipo katika njia hiyo akaliona ziwa la maji ya moto. Alikuwa mtu mchangamfu, mpenda maua, wadudu na mawe, na Mzungu wa kwanza kulieleza ziwa hilo kwa maandishi. Nami sioni sababu ya kudhani kwamba alilitazama kwa dharau. Alilitazama kama mtu atazamavyo kazi ya Muumba wake, akaendelea na safari, pasipo kujua kwamba yuko katika ziyara ya watu wengine.

Kilichompata mbele kinatakiwa kusomwa pamoja na hicho. Alipofika kwa Mumia, mfalme wa Wanga, alimwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara, akatangulia na watu hamsini kuelekea Busoga, na huko kwa chifu Luba akakamatwa, akafungwa zaidi ya juma zima huku akiandika habari zake kila siku, na tarehe 29 Oktoba 1885 akauawa pamoja na wengi wa wapagazi wake kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Waandishi wa misheni walimwandika Mwanga kuwa dhalimu, na dhuluma yake hapana aikanaye. Lakini huko Buganda ilikuwapo itikadi kwamba watakaoila nchi watatokea mashariki kwa njia ya Busoga, mlango wa nyuma ambao mgeni hapiti, na mwaka ule ule habari za Wadachi kunyakua nchi za pwani zilikuwa zimekwisha fika barazani kwa mfalme kijana, zikampa yakini ya alichokuwa akikiogopa. Wamisionari waliokaa Buganda, akina Alexander Mackay, waliijua hofu hiyo, wakaandika kumwonya asiishike njia ile, na barua hazikuwahi. Kwa hiyo askofu aliyepita juu ya hurumu moja katika Bonde la Ufa pasipo kudhurika alikwenda akakanyaga marufuku nyingine ng'ambo ya pili, na hiyo ikamla. Jones aliwarudisha waliosalia hadi Rabai mwezi wa Februari 1886, wakiingia na bendera ya buluu iliyoshonwa kwa herufi nyeupe neno la Kiebrania, Ichabod, lenye maana kwamba utukufu umeondoka.

Kanisa lilimheshimu kwa namna ya makanisa. Mifupa yake ilitafutwa, ikazikwa kwa taadhima Namirembe siku ya mwisho ya mwaka 1892, na tarehe ya kufa kwake ikatiwa katika kalenda ya mashahidi. Na watu wa ramani nao wakamheshimu kwa namna yao: ziwa la Waendorois likaitwa Lake Hannington, likabaki na jina hilo muda wote wa ukoloni. Tazama mzaha wa mambo! Mifupa ya askofu ilikusanywa kutoka nchi ya ugeni ikapewa kaburi lenye jina, na kwa heshima hiyo hiyo makaburi ya maji ya watu wengine yakapoteza jina lao.

Ramani ilifuatiwa na kalamu ya serikali. Tarehe 10 Agosti 1904, huko Naivasha, Sir Donald Stewart, Kamishna wa Himaya ya Afrika ya Mashariki, alitia saini mkataba na Olonana, oloiboni mkuu, yaani kiongozi wa matambiko, wa Wamasai, pamoja na wazee wengine, ambao kwa mkataba huo Wamasai walikubali kuyahama malisho yao ya Bonde la Ufa, yakiwamo ya Naivasha na Nakuru, ili yapate kupewa masetla. Wazee wale waliotia alama zao katika karatasi wasiyoweza kuisoma hawakusahau jambo moja. Walitaka wabakiziwe mahali katika miteremko ya Kinangop, maili tano za mraba, ambapo wangeweza kurudi kutahiri na kutimiza ada zao. Serikali ikakubali, ikaandika. Mimi huiona ibara hiyo kuwa ya kutia huzuni kuliko zote zilizomo katika mkataba ule, kwa sababu ndani yake mna heshima ya kweli, na heshima yenyewe imepimwa kwa kamba ya mpima ardhi: nchi nzima yachukuliwa, na utakatifu waachiwa maili tano. Maneno ya mkataba yalisema kwamba utadumu muda wote Wamasai watakapokuwako kama taifa. Taifa lipo hata leo. Mkataba ulidumu miaka saba, kwani mwaka 1911 ulifanywa mwingine wa kuwahamisha Wamasai wa Laikipia kuelekea kusini, na waliposhitaki, mahakama ikasema mwaka 1913 kwamba mkataba ni jambo la dola na dola, wala si shauri la kuamuliwa na kadhi wa mojawapo. Watu walioambiwa kwamba wao ni raia wa himaya wakaambiwa pia kwamba ni dola ya kigeni, kwa siku ile moja iliyofaa waambiwe hivyo.

Nakuru yenyewe, mji uliozaliwa na reli mwanzoni mwa karne ile, ulipata upesi misikiti, makanisa, mahekalu ya Wahindu na gurdwara za Masingasinga, na mtu aliyekulia humo alijifunza pasipo kufundishwa ni mlango upi huvuliwa viatu, ni upi huvuliwa kofia na ni upi kinyume chake hufunikwa kichwa. Adabu hiyo ni nzuri, na huvipata vyote vyenye mlango. Visivyo na mlango havikuipata. Nje kidogo ya mji kiko kilima ambacho Waingereza walikiita Hyrax Hill, kilima cha pimbi, na huko Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938, akafukua makaburi ya watu wa kale na kukuta kwamba wanawake walizikwa na sahani na bakuli za mawe, ilhali wanaume walizikwa mikono mitupu, jambo ambalo wanawake wa Nakuru wakilielezwa na mwongozaji wa makumbusho hulipokea kwa furaha isiyofichika. Mwaka huo wa 1938 yeye na mumewe walichimba pia pango la kando ya mto Njoro, wakapata mabaki ya watu wapatao themanini waliochomwa moto baada ya kufa, kila mmoja na bakuli lake, mchi wake na jiwe lake la kusagia, pamoja na shanga za mawe zilizochongwa kwa ustadi. Watu hao waliishi karibu miaka elfu tatu iliyopita, na hawana mtu wa leo awezaye kusimama mbele ya hakimu akasema, huyu ni bibi yangu. Elimu iliwatendea kwa uangalifu mkubwa: kila shanga ilihesabiwa, kila mfupa ukaandikwa nambari. Kilima kikatangazwa kuwa mnara wa taifa mwaka 1943, na mwaka 1965 kikafunguliwa makumbusho, na juu ya miamba yake mgeni huonyeshwa mashimo ya bao yaliyochongwa na wachezaji wasiojulikana, waliokaa kucheza na kubishana juu ya makaburi ya wenzao pasipo hofu yoyote.

Siwalaumu wachimbuaji kama niwalaumuvyo wezi. Wamijikenda wa pwani wanajua tofauti, wao ambao vigango vyao, nguzo za mbao zisimamishwazo kwa ajili ya wazee waliofariki, ziling'olewa usiku na kuuzwa hata zikafika katika makumbusho ya Marekani, ambako zilitazamwa kuwa sanaa nzuri. Na mwaka 2007 baadhi yake zilirudishwa nyumbani kwa shangwe. Mwizi alijua kwamba anaiba. Mchimbuaji wa Njoro alijua kwamba anaokoa. Hata hivyo mifupa haikuulizwa, na ni vigumu kusema ingemjibu nani.

Juu ya mji wa Nakuru limekaa shimo la Menengai, nalo lastahili maneno machache, maana hapo heshima na dharau zimebadilishana mavazi mara nyingi kuliko mahali popote ninapopajua. Wamasai husimulia vita vya karne ya kumi na tisa kati ya koo zao wenyewe, ambamo Wailaikipiak walishindwa na mashujaa wao wakatupwa shimoni, na kwamba mvuke upandao kutoka chini ni roho zao zikitafuta njia ya kwenda juu. Wakikuyu walipaita Kirima kia Ngoma, kilima cha pepo, wakapaogopa. Kisha wakaja Wakristo wa zama zetu, wakaona kwamba mahali panapoogopwa na watu ni pakimya, na pakimya ni pazuri kwa sala. Wakaingia katika mapango ya shimo hilo hilo kufunga na kukesha siku kwa siku, wakiwa na Biblia na chupa ya maji. Na mwaka 2011 ikaja kampuni ya serikali ya mvuke wa ardhini na mitambo ya kutoboa, kwa kuwa mvuke, roho au si roho, huzungusha mashine za umeme. Mtu akisimama ukingoni asubuhi aweza kuona vyote kwa mara moja: nguzo za mvuke zilizofungwa katika mabomba, na mlokole apandaye kutoka pangoni amefumba macho kwa jua. Hapana aliyemtukana mwenziwe. Kila mmoja amejenga juu ya hofu ya aliyemtangulia, na jina la pepo limebaki.

Basi turudi ziwani. Uhuru ulipopatikana palitarajiwa kwamba majina ya maaskofu yangeondoka na haki za wenyeji kurudi, na nusu ya matarajio hayo ilitimia. Tarehe 9 Novemba 1973 gazeti la serikali lilitangaza kuwako kwa hifadhi ya wanyama ya Lake Hannington. Na tarehe 12 Oktoba 1974 tangazo jingine likalifuta la kwanza na kuiita Lake Bogoria. Jina la askofu likaondolewa, jina la wenyeji likarejeshwa, na wenyeji wakahamishwa. Jamaa zipatazo mia nne zilitakiwa kutoka. Ardhi ile ilikuwa imeshikwa na baraza la wilaya kwa njia ya amana, na neno hilo amana, mtu wa pwani hahitaji kulifasiriwa, wala hahitaji kuambiwa khiana ni nini. Waliahidiwa ardhi nyingine yenye rutuba, ajira na sehemu ya mapato ya watalii, na mwaka 1986 jamaa 170 kati ya zile mia nne zililipwa shilingi 3,150 kila moja. Tangu hapo kwenda ufukweni kuwatuliza wazee lilikuwa jambo la kuombewa ruhusa langoni, kwa mtu asiye na habari ya waliozama na mwenye kitabu cha stakabadhi mkononi.

Serikali nayo ilikuwa na kitu chake kitukufu, na haifai kusema kwamba haikuwa nacho. Heroe waliojaa katika ziwa hilo, wakalifanya kuwa la waridi kutoka ukingo hadi ukingo, na kudu mkubwa wa miteremko ya mashariki, walistahili kulindwa, na ulimwengu mzima ulikuwa umeanza kuiona nyika kama hekalu, ambamo mwanadamu huingia kwa tiketi, husema kwa sauti ya chini na haachi taka. Mimi nawapenda heroe. Lakini dini hiyo ya nyika, kama dini nyingine nyingi zilipokuwa changa na zenye nguvu, haikuweza kuamini kwamba mahali hapo palikuwa na ibada kabla yake. Ikalilinda kaburi kwa ajili ya ndege waliotua juu yake, ikawafukuza wenye wafu.

Waendorois walikwenda kwanza Nakuru, kwa kuwa huko ndiko kuliko Mahakama Kuu ya jirani. Kesi yao, nambari 183 ya mwaka 2000, iliwashitaki madiwani wa Baringo na wenziwao kwa kuivunja amana, na mwezi wa Aprili 2002 ikatupiliwa mbali, mahakama ikiona kwamba sheria haimpi mtu fungu maalumu la mali ya asili kwa sababu tu amezaliwa karibu nayo. Kuzaliwa karibu nayo! Mahakama ya 1913 ilikuwa imewaona Wamasai kuwa dola, na ya 2002 ikawaona Waendorois kuwa majirani wa ziwa. Ya kati na kati, kwamba watu waweza kuwa wana wa mahali, haikuwa na kifungu. Mwaka 2003 mashauri yakapelekwa mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, yenye makao yake Banjul, Gambia, na mwezi wa Novemba 2009 Tume ikakata shauri, Umoja wa Afrika ukaliidhinisha mwanzoni mwa 2010. Katika mambo yote yaliyoamuliwa, ya mali, ya utamaduni na ya maendeleo, lile linalonishika mimi ni la dini. Tume ilianza kwa kujiuliza kama haya ya Waendorois ni dini kwa maana ya Mkataba wa Afrika, swali ambalo hapana aliyewahi kumwuliza Hannington wala mtu wa Menengai mwenye Biblia, na ikajibu kwamba ndiyo, ni dini, na kwamba dini yaweza kufungamana na ardhi hata kuitenga na ardhi hiyo ikawa ni kuizuia. Serikali ilijitetea kwa kulinda mazingira. Tume ikasema kwamba watu kwenda kuomba ziwani hakuwezi kuwadhuru wanyama. Ikaamuru wenyeji waachiwe kuingia pasipo kizuizi kwa ibada na malisho, walipwe fidia, na milki yao itambuliwe.

Utekelezaji ulikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Mwezi wa Juni 2011 UNESCO ililiandika Bogoria, pamoja na Nakuru na Elementaita, katika orodha ya urithi wa dunia, heshima kubwa kabisa iwezayo kupewa maji. Na mwezi wa Novemba mwaka huo Tume ya Banjul ikalazimika kutoa azimio la kusikitika kwamba heshima hiyo imetolewa kabla ya wenyeji kuulizwa. Kwa mara nyingine ziwa lilikuwa limetukuzwa juu ya vichwa vya waliozama na vya waliosalimika pamoja.

Karibu na wakati huo maziwa ya Bonde la Ufa yakaanza kujaa. Wataalamu wametaja mvua nyingi, na misitu ya vyanzo vya mito iliyokatwa hata udongo ukashuka pamoja na maji. Na Nakuru, Naivasha, Baringo na Bogoria yote yakapanda, yakaingia mashambani, mashuleni na mahospitalini, na Waendorois wengi wakapoteza nyumba zao kwa maji yale yale ambayo wameyapigania mahakamani. Bogoria ilipofika mwaka 2020 ilikuwa imekwisha kuifunika barabara ya kandokando yake. Lango kuu la Loboi, lenye vyumba vya kukatia tiketi, lilikuwa majini, na baadhi ya chemchemi za Loburu zikawa zinatokota chini ya ziwa, ambako mkono wenye kikapu cha mayai haufiki.